Tezi, omo na ngamani: injini ya gari ya spoti ikae wapi?

Noah ya ami yangu ukitaka kubadilisha plagi lazima uinue kiti. Nasema ile Noah ya zamani, SR40, unakunja zulia, unafungua vishikizo, kiti kinanyanyuka na chini yake ndo injini ilipo, joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria. Juzi nilikuwa nimesimama na tochi ya simu gereji moja Mwanakwerekwe namulika, fundi anahangaika na plagi ya mwisho, kijana mmoja anaejifunza kazi pale akauliza, fundi, kwani hii gari kwa nini injini yake iko tumboni? Fundi akamjibu ndo walivyotaka wenyewe Wajapani, akaendelea na kazi yake. Mimi nikanyamaza lakini moyoni nikasema leo nikirudi nyumbani naandika, manake swali la yule kijana ndo hilo hilo lililonikosesha usingizi mwaka mzima uliopita, tena mimi lilinifikia kwa njia ya kutisha.

Tuanze na dau. Ami kabla ya Noah alikuwa na dau, akipakia Mkokotoni, na sisi watoto wa nyumbani likizo za skuli tulikuwa tunapelekwa kumsaidia kubeba. Nina umri wa miaka 10 hivi nikabwaga gunia la mchele kule omo, mbele ya chombo, kwa sababu ndo karibu na pale nilipopandia, akaniita, "Mwanangu, hilo lirudishe ngamani." Yaani kule kati, tumboni mwa chombo. Nikamuuliza kwa nini na pale pana nafasi. Akasema shehena ukiiweka omo chombo kinachimba mawimbi, ukiiweka tezi, kule nyuma, pua inanyanyuka upepo unaichezea unavotaka wenyewe, ukiiweka kati chombo kinakusikiliza. Msemo tunaujua sote, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, lakini watu wengi wanautumia kwa mambo ya ndoa na safari, mimi nilifunzwa kwa gunia la mchele.

Gari nayo ni chombo, na injini ndo shehena yake nzito kuliko zote, injini na giaboksi peke yake inaweza kufika kilo 200 na zaidi. Kwa hiyo wanaotengeneza gari za spoti wana swali lile lile la ami. Injini ya mbele, yaani omo, ndo tuliyoizoea, unafungua boneti unaikuta. Injini ya kati ni ile inayokaa nyuma ya mgongo wa dereva lakini mbele ya ekseli ya nyuma, ule mstari wa magurudumu ya nyuma, hiyo ndo ngamani, Lamborghini, Ferrari nyingi, Honda NSX ya 1990, Toyota MR2. Na injini ya nyuma kabisa, tezi, ipo nyuma ya ekseli, hiyo ni Porsche 911, na hapa naomba watu watofautishe kwa sababu barazani kila siku nasikia 911 inaitwa injini ya kati na sio, Porsche ya injini ya kati ni Boxster iliyotoka 1996 na ndugu yake Cayman.

Halafu hii Noah ya ami, pamoja na Suzuki Carry tunazoziita kirikuu, pamoja na Estima ya kwanza ya 1990 ambayo Toyota waliilaza injini ubavu kwa digrii 75 ili iingie chini ya viti, zote hizo injini zimerudi nyuma ya magurudumu ya mbele. Walifanya hivo kwa ajili ya nafasi ya abiria na mizigo, hawakuwa na fikra za mbio. Lakini inamaanisha nusu ya Unguja imepanda gari yenye injini chini ya makalio bila kujua jina lake.

Sasa kwa nini kati. Chukua mzega. Mti begani, dumu la maji huku, dumu la maji kule, lita 20 kila moja. Ukitembea moja kwa moja ni raha, mzigo umetulia, ila jaribu kugeuka ghafla uone, mwili wako umeshageuka mzega bado unakuja, na ukishaanza kuja haukubali kusimama, unakupita. Sasa yavute yale madumu yote mawili mpaka karibu na bega. Uzito ni ule ule, lita 40 zile zile, lakini sasa unageuka kama umebeba kikapu. Hesabu yake ni kali kuliko watu wanavodhani, ukipunguza umbali wa mzigo nusu, ule ugumu wa kugeuka hauwi nusu, unakuwa robo. Hiyo robo ndo siri yote ya injini ya kati. Gari inaingia kona mara tu unapogusa usukani, haisubiri pua nzito mbele ikubali kwanza.

Na hapa kuna kitu kinachowachanganya hata watu wanaozijua gari. Utasikia mtu anasifia gari yake uzito umegawanyika hamsini kwa hamsini kwa hivo iko sawa na injini ya kati. Hapana. Mzega wenye madumu kwenye ncha nao ni hamsini kwa hamsini! Ndo Corvette, gari ya spoti ya Wamarekani, za kuanzia kizazi cha 5 hadi cha 7 zilivyo, injini mbele, giaboksi wakaipeleka nyuma kwenye difu, Lexus LFA hivo hivo, na Ferrari 812 hivo hivo. Mizani imekaa vizuri na gari inatulia sana kwenye barabara ndefu ya kasi, haishtuki, lakini uzito uko kwenye ncha mbili. Mazda MX-5 ya 1989, ile Wajapani walioiuza kwao kwa jina la Eunos Roadster, yenyewe walifanya jambo jengine, injini ni ya mbele lakini wakaisogeza nyuma ya ekseli ya mbele, gari yote kama kilo 950, madumu yako karibu na bega ingawa unafungua boneti kama kawaida. Honda S2000 ya 1999 fikra yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiniuliza injini ya mbele ikoje lazima nikuulize kwanza mbele ya wapi.

La pili ni kushika barabara. Gari ya spoti ya injini ya kati kwa kawaida inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na uzito mwingi uko juu ya magurudumu hayo hayo. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya gari ya kilo 1,000, urefu kati ya ekseli mita 2.45, na kitovu cha uzito tuseme kipo nusu mita kutoka chini. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu kama kilo 100 zinahama kutoka mbele kwenda nyuma. Gari ya injini ya mbele iliyogawika 55 mbele kwa 45 nyuma itakuwa na kilo 550 nyuma, ya injini ya kati iliyogawika 43 mbele kwa 57 nyuma itakuwa na kilo 670. Hizo kilo 120 ndo tofauti ya tairi kuondoka na tairi kuzunguka pale pale ikatoa moshi. Kwenye breki nayo, breki kali inahamisha kama kilo 180 kuja mbele, ya injini ya mbele inabaki na kilo 730 mbele na 270 tu nyuma, breki za nyuma hapo kazi yake ni ndogo, wakati ya injini ya kati inabaki na 610 mbele na 390 nyuma, tairi zote 4 zinafanya kazi. Tairi nayo ina tabia yake, ukiizidishia uzito mara mbili haikupi mshiko mara mbili, inakupa pungufu, kwa hiyo kuzigawia kazi zote 4 ni faida ya kweli.

Mfano mzuri kuliko wote ni Corvette, kwa sababu ni gari moja, kampuni moja, ikahamia kutoka mbele kwenda kati. Tangu 1953 mpaka kizazi cha 7 injini ilikuwa mbele. Mhandisi wao Zora Arkus-Duntov alikuwa anaitaka injini ya kati, mwaka 1960 alishatengeneza gari ya majaribio ya namna hiyo, akaendelea kuidai miaka na miaka, akafariki 1996 hajaiona barabarani. Ilitoka na kizazi cha 8, ikatambulishwa Julai 2019. Injini V8 ya lita 6.2 ikiwa na hosipawa 495, ile ya mbele iliyotangulia nayo lita 6.2 na hosipawa kama 460, kwa hiyo tofauti hosipawa 35 tu na tena mpya nzito zaidi kidogo. Lakini kufika kilomita 96 kwa saa ya zamani ilikuwa inachukua kama sekunde 3.7 au 3.8 na mpya ikashuka mpaka 2.9. Najua giaboksi mpya ya klachi mbili nayo imesaidia, ila sehemu kubwa ni ule uzito uliokalia magurudumu ya nyuma.

Kwenye mbio ubishi huu ulikwisha zamani. Januari 1958 kule Argentina Stirling Moss alishinda Formula 1 na kigari cha Cooper cha injini ya kati, injini ndogo ya lita 2 hivi mbele ya wenzake wenye lita 2.4 na 2.5, na ilikuwa mara ya kwanza gari ya namna hiyo kushinda mbio za ubingwa wa dunia. Jack Brabham akachukua ubingwa 1959 na 1960 na Cooper. Enzo Ferrari alikuwa haamini, hoja yake inayosimuliwa ni kwamba ng'ombe huvuta gari hasukumi, na sisi tunaoona gari za ng'ombe kila siku njia ya Mwera tunaielewa hoja hiyo, lakini ng'ombe hapiti kona kwa kasi. Gari ya mwisho ya injini ya mbele kushinda mbio hizo za ubingwa ilikuwa Ferrari yake, Monza 1960, dereva Phil Hill, na mwaka uliofuata Hill huyo huyo akawa bingwa na Ferrari ya injini ya kati. Tangu hapo Formula 1 hawajarudi omo.

Ila barabarani wamerudi! Mwaka 1996 Ferrari hao hao waliiondoa ile kubwa yao ya silinda 12 ya injini ya kati wakaleta 550 Maranello injini mbele, na mpaka leo gari zao za silinda 12 za kusafiria wanaziweka injini mbele. Hawa watu wanajua kutengeneza gari kuliko mimi na wewe, kwa hiyo lazima kuna kitu injini ya kati inakunyima, na hicho kitu mimi nilikijua Pemba.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliagiza Toyota MR-S kutoka Japani. Kwa wasioijua, ni mtoto wa mwisho wa MR2, ilianza 1999, injini 1ZZ ya lita 1.8 ile ile familia ya Corolla, hosipawa 140, lakini gari yote kilo kama 1,000 na injini iko nyuma ya kiti. Mimi naendesha Altezza ya silinda 6, injini mbele, inasukuma nyuma, na najua Altezza si gari ya spoti kamili, ina milango minne na inabeba familia, lakini tabia za injini ya mbele inazo zote. Mwezi wa 11 mwaka juzi tulikuwa na harusi Wete, tukaipandisha MR-S kwenye meli tukashukia Mkoani, na baada ya Chake binamu akanipa usukani akasema, endesha wewe yakhe, mimi nimechoka.

Anaeijua Pemba anajua. Unguja barabara zetu nyingi zimenyooka na ni tambarare, kona ya kweli unaitafuta. Pemba ni vilima mwanzo mwisho, unapanda unashuka, kona inafuatwa na kona, mikarafuu huku na huku, na msimu ule pembeni ya lami yote majamvi ya karafuu yanaanikwa. Ile gari kwenye barabara ile, wallahi sijawahi kuendesha kitu kama kile. Usukani mwepesi kwa sababu mbele hakuna kitu, unaiwazia kona nayo imeshaingia. Nikaanza kuizoea, nikaona nimeimudu.

Mvua ya vuli ikaanza, ile ya matone makubwa makubwa, lami ndo kwanza inalowa na vumbi na mafuta ya siku zote yanapanda juu. Mtelemko, kona ya kushoto, sikuwa mwendo mkali, sikuzidi 50. Nikaona mbele watu wameinama wanakusanya majamvi haraka haraka karafuu zisilowe, nikashtuka, nikafanya kile ambacho kila dereva anakifanya akishtuka katikati ya kona, nikaachia mafuta mara moja. Basi. Mkia ukaondoka. Sikuusikia ukianza, nilikuja kujua tayari dirisha langu linatazama mbele ya barabara, nikakata usukani upande wa pili nimechelewa, gari ikazunguka nusu duara ikasimama inatazama tulikotoka, injini imezima, gurudumu la nyuma liko juu ya ukingo wa jamvi.

Kimya. Harufu ya karafuu mbichi na harufu ya tairi pamoja. Karafuu kama pishi mbili zimemwagika kwenye maji. Bibi mmoja, kanga kichwani imeshalowa, akaja mpaka dirishani akainama. Nikamwamkia shikamoo bibi sauti haitoki. "Marahaba wanangu. Hamkuumia?" Tukamwambia hatukuumia. Akatutizama mmoja mmoja kama anahakikisha kweli, akasema, "Alhamdulillahi. Haya shukeni mzoe." Tukashuka tukazoa na watoto wake kwenye mvua ile, punje moja moja, na kila nikiinua kichwa naona ule urefu wa hatua tatu baina ya gari na pale waliposimama wale watoto. Tulitaka kumlipa akakataa, binamu akamwachia mtoto mkubwa kwa siri.

Usiku ule Wete sikulala. Nilitaka kujua nimefanya nini, kwa sababu kwenye Altezza nishawahi kuachia mafuta katikati ya kona iliyolowa mara ngapi, na haikunifanya hivo.

Jibu la kwanza tulilipata kesho yake asubuhi, tulichuchumaa tukasoma tairi. MR-S ikitoka kiwandani ina tairi nyembamba mbele, 185, na pana nyuma, 205, kwa sababu nyuma ndo kwenye uzito na inapoteleza ndo hatari. Binamu aliponunua tairi Unguja duka moja lilimwambia saizi hizo hakuna, wakamfungia 195 zote 4, za mitumba, na mbili zilizokuwa na mpira mgumu wa zamani wakaziweka nyuma. Kwa Corolla ungeweza usione tofauti. Kwa gari hii ni kama kuondoa mkuku kwenye chombo. Toyota wenyewe walishayaona haya kwenye MR2 ya pili iliyotoka 1989, ilijulikana kwa kugeuka ghafla ukiachia mafuta, na baada ya miaka michache wakarekebisha suspensheni na wakaiwekea tairi pana zaidi nyuma.

Jibu la pili ni la mzega, na ilibidi tulitafute kwa mikono yetu. Tuliporudi, tairi za saizi sawa zilipopatikana, tukaenda kiwanja kimoja kitupu upande wa Tunguu Jumamosi tatu mfululizo, asubuhi hakuna mtu, tukapanga madumu 6 ya njano duara tukawa tunazunguka, mara kwenye udongo mkavu mara baada ya mvua, Altezza kwanza halafu MR-S, na kuna siku binamu alizirudisha zile tairi mbovu makusudi ili tulinganishe.

Altezza ukiizidishia mwendo kwenye duara inakwambia mapema. Pua inaanza kusogea nje, usukani unakuwa mwepesi mkononi, tairi za mbele zinalia, dumu linazidi kuwa mbali na wewe. Ukipunguza mafuta pua inarudi. Ukitaka mkia uje lazima uuite kwa mafuta, na ukija unakuja taratibu, nilikuwa nahesabu kwa sauti moja, mbili, na katikati ya moja na mbili nishakata usukani wa kurekebisha nishatulia. Ule uzito wa mbele unaouchukia wakati wa kuingia kona ndo huo huo unaochelewesha gari isizunguke. Ni mvivu kuanza na ni mvivu kukuponyoka.

MR-S kwa mwendo ule ule haijaanza hata kulalamika. Inaganda kwenye mstari, unaongeza, inaganda, unaongeza tena, na ukitoka kwenye kona ukikanyaga inaondoka tu pale ambapo Altezza gurudumu la ndani linazunguka bure. Ni kasi zaidi, halina ubishi, na hosipawa inazo chache kuliko yangu. Lakini ukifika mwisho wake, mwisho ni ukuta. Unaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinanyanyuka kidogo, na injini iliyoko kule nyuma inataka kuendelea na safari yake ya mwanzo. Na kwa vile madumu yako karibu na bega, gari inazunguka upesi kama ilivyoingia kona upesi. Hata moja sijamaliza kuitamka. Kwa tairi sahihi nafuu ilikuwa kubwa, mpaka ule ukasogea mbali na nikapata kama nusu ya hesabu ya kujiokoa, lakini tabia haikubadilika, imepungua ukali.

Tulichojifunza cha kufanya ni hiki. Breki zote zimalizike gari bado imenyooka, kabla hujagusa kona. Ndani ya kona mguu uwe umekaa juu ya mafuta kidogo tu, usipande usishuke. Na ikibidi kupunguza, punguza kama unashusha mtungi wa maji kichwani, taratibu, usiudondoshe. Mguu unachukua muda kulizoea hilo kwa sababu woga unakwambia kinyume chake, na mimi mpaka Jumamosi ya tatu bado mguu ulikuwa unaruka wenyewe.

Mambo ya kuishi nayo nitayapitia haraka. MR-S haina buti ya maana, kuna kisanduku nyuma ya viti na nafasi ya tairi la akiba mbele, gunia la mkaa sahau. Rejeta iko mbele na injini nyuma, mabomba ya maji yanapita chini ya gari yote, ukibadilisha maji usipotoa hewa vizuri injini inachemka, na mabomba hayo kwa chumvi yetu ya bahari yanataka kuangaliwa. Zile 1ZZ za mwanzo zina tabia ya kula oili, pima kila wiki. Kila kazi ya injini fundi anafanya kwa kukunja mkono mahali penye giza. Altezza nafungua boneti, naona kila kitu, nimemaliza.

Kwa hiyo nikiulizwa ipi bora, jibu langu limeshakaa. Injini ya kati ni kweli, ami alikuwa sahihi na Cooper walikuwa sahihi, na mwenye kiwanja kilichofungwa na tairi sahihi achukue hiyo. Kwa barabara ambayo jamvi la karafuu liko hatua moja kutoka kwenye lami na mtoto yuko hatua tatu, nataka gari inayonipa zile hesabu mbili. Sizihesabu tena kama udhaifu wa injini ya mbele. Ferrari hawawezi kuwa wameirudisha injini mbele mwaka 1996 kwa sababu ya Pemba, lakini mtu anaesafiri barabara asiyoijua, mvua njiani na mkewe pembeni, shida yake na yangu ni moja.

Binamu hakubaliani na mimi. Anasema kosa lilikuwa tairi na mguu wangu, gari haina kosa, na ana haki yake kwa sababu ameiendesha mwaka mzima tangu siku ile haijamtupa. Jioni za kiangazi lami ikiwa kavu ananipa ufunguo, napima upepo wa tairi za nyuma mwenyewe kwanza, halafu tunakwenda njia ya Makunduchi, na pale Jozani kwenye matuta ya kima punju tunakwenda mwendo wa miguu.

Kinachobaki kunisumbua ni ile Mazda, injini mbele lakini madumu karibu na bega. Nimeisoma sana ila sijaikalia. Kama kuna mtu Unguja au Pemba anayo Roadster, ile ya zamani ya 1.6 yenye taa za kunyanyuka, naomba anipe nusu saa tu kiwanjani, mafuta juu yangu, madumu 6 ninayo.